Namna ya Kutunga Shairi la Arudhi Bila Kupoteza Sauti Yako

Anayeanza kutunga mashairi ya Kiswahili hukutana mapema na washauri wa aina mbili. Wa kwanza humwambia ajifunze arudhi kwanza, yaani kanuni za utunzi, ahesabu mizani na apange vina, kisha ndipo atafute la kusema. Wa pili humwambia aandike kinachomjia moyoni na aachane na hesabu, kwa kuwa hesabu huua hisia. Nimewasikiliza wote kwa miaka mingi, na nimetunga vibaya kwa kufuata kila upande. Nilipotanguliza hesabu nilipata beti zilizonyooka kama reli na zisizokuwa na abiria; nilipotanguliza moyo peke yake nilipata maneno ambayo, nilipoyasoma wiki moja baadaye, niliyatambua kuwa ya watu wengine.

Hilo la pili ndilo linalosahauliwa. Tunaposema silika ya mtunzi, tunadhani tunazungumzia kitu safi kisichoguswa na kanuni, ilhali kinachofika kwanza akilini mara nyingi ni kanuni iliyovaa nguo za moyo. Machozi hutiririka kama mto, mapenzi huwa kikohozi kisichofichika, na dunia hugeuka tambara bovu kabla hatujafikiri lolote. Kwa hiyo mwongozo huu hauchagui upande. Unaeleza utaratibu ninaoutumia sasa ninapotunga tarbia, yaani shairi la mishororo minne katika kila ubeti: mstari wa kwanza uje wenyewe, kanuni iuhoji bila huruma, na katika mahojiano hayo mtunzi agundue ni neno gani hawezi kuliachia. Nitatumia ubeti mmoja ninaoutunga tangu mwanzo hadi mwisho ili msomaji aone kila hatua ilipofanyika.

Kwanza, iweke kanuni masikioni

Kaluta Amri Abedi alipotoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, aliziweka sheria hizo na diwani yake mwenyewe ndani ya jalada moja. Mpangilio huo nauona kuwa somo kubwa kuliko sheria yoyote iliyomo, kwa sababu unamwonyesha mwanafunzi kwamba aliyetunga kanuni ni yule yule anayezitumikia. Tatizo letu ni kwamba wengi tulifundishwa nusu ya kwanza tu. Darasani tulihesabu mizani ya mashairi ya watu, tukataja ukwapi, yaani kipande cha kwanza cha mshororo, na utao, yaani kipande cha pili, tukapewa alama, na kengele ikalia kabla hatujaimba hata ubeti mmoja.

Tarbia ya kawaida ina mizani 16 katika kila mshororo, yaani mizani 8 katika kipande cha kwanza na 8 katika cha pili. Mizani ni silabi, lakini silabi za Kiswahili zina mitego miwili mitatu inayomwangusha mgeni. Herufi m inayosimama mbele ya konsonanti katika maneno kama mtoto, mkono na mpya huhesabiwa peke yake, kwa hiyo mtoto ni mizani mitatu na mpya ni miwili. Lakini katika mbuzi au mbingu imeungana na b na haihesabiwi. Vivyo hivyo nchi ni mizani miwili, na ndizi ni miwili pia ingawa ina herufi zaidi. Irabu mbili zinazofuatana ni mizani miwili hata kama ulimi unazipitia haraka, hivyo paa ni miwili na kifuu ni mitatu.

Usizikariri kanuni hizi kwa macho. Chukua mashairi kumi ya watunzi unaowapenda, uyaimbe kwa mahadhi yoyote unayoyajua, hata ya taarabu au ya kaswida, huku ukigonga meza kwa kidole katika kila mizani. Fanya hivyo kwa muda wa wiki mbili au tatu, dakika chache kila siku. Lengo ni kufika mahali ambapo kipande chenye mizani 7 kinakukera sikioni kabla hujakihesabu, kama vile mpishi anavyojua kwamba wali umeanza kuungua kwa kunusa tu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, anayesifiwa kwa kulitoa shairi katika mambo ya dini na kulipeleka barazani na sokoni, alifariki karibu na mwaka 1840, na bado tungo zake zilikuwa zikikumbukwa na watu miongo kadhaa baadaye, wakati Mwalimu Sikujua alipomsaidia mmisionari W. E. Taylor kuzikusanya. Diwani yenyewe haikuchapishwa hadi mwaka 1940. Tungo hizo zilivuka muda wote huo kwa sababu vina na mizani viliwapa watu mahali pa kushikia. Arudhi ilikuwa ghala la kumbukumbu kabla haijawa mtihani.

Sikio likishakuwa tayari, iache kanuni mlangoni na uingie ndani peke yako.

Pili, subiri mstari mmoja usioutafuta

Usianze kwa kuchagua mada kama vile Elimu, Ukimwi, Amani au Mapenzi. Mada za namna hiyo huja na maneno yake tayari, na mtunzi hubaki kuwa karani wa kuyapanga. Anza na kitu kimoja ulichokiona au kukisikia, kikakukaa, na hujui kwa nini kimekukaa.

Mimi nilikuwa na jambo la jioni moja ya utotoni, nyumbani kwa bibi yangu, Tanga. Niliporudi kutoka mchezoni nilikuta bibi ameketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi bila kukuna, na katika mkono wake alikuwa na nazi iliyokunwa upande mmoja. Mtu alikuwa amepiga simu kuleta habari ya msiba. Kwa miaka mingi nilijaribu kuandika kuhusu msiba huo nikashindwa, kwa sababu kila nilipoandika neno msiba, yalifuata majonzi, simanzi na kudra ya Mungu, na bibi akapotea. Siku moja nikiwa ndani ya daladala nilisikia kichwani sentensi hii:

Mbuzi imenyamaza, nazi imebaki nusu.

Hiyo ndiyo aina ya mstari ninaouzungumzia. Haukuja na fasili wala mawaidha. Nilijua kwamba ni wa kwangu kwa sababu ulinirudisha jikoni, na kwa sababu ulitaja kitu ambacho sikuwa nimekifikiria: nilichokigundua kwanza jioni ile ilikuwa sauti iliyokosekana. Andika mstari kama huo jinsi ulivyokuja, na usiuguse siku hiyo. Ukiwa na simu mkononi, jirekodi ukiusema kwa sauti, kwa kuwa mkazo uliousema nao utakusaidia baadaye.

Tatu, iite kanuni iuhoji mstari huo

Siku ya pili niliuhesabu. Mbu-zi i-me-nya-ma-za ni mizani 7. Na-zi i-me-ba-ki nu-su ni mizani 8. Ukwapi umepungua mizani mmoja.

Hapa ndipo watunzi wengi wanapokosea, na nilikosea vivyo hivyo nilipokuwa kijana. Njia rahisi ni kuchomeka neno lolote lenye ukubwa unaotakiwa, kama vile ile, sasa, leo au kweli. Neno hilo naliita kijazio, na dalili yake ni kwamba ukiliondoa, mstari unapoteza hesabu tu bila kupoteza maana. Badala ya kuchomeka, uulize mstari swali: kuna jambo gani la kweli ambalo halijasemwa, na ambalo ukubwa wake ni mizani mmoja? Nilikaa na swali hilo karibu juma zima. Jibu lilikuwa silabi moja, -sha-.

Mbuzi imeshanyamaza.

Sasa ni mizani 8, na kilichoongezeka si hesabu pekee. Imenyamaza inaweza kusemwa na mtu aliyekuwepo tangu mwanzo. Imeshanyamaza inasemwa na mtu aliyechelewa, aliyekuta jambo limekwisha kutendeka. Mimi nilichelewa kweli jioni ile, na mstari wangu wa kwanza haukuwa umelisema hilo. Arudhi ndiyo iliyonilazimisha kulikumbuka. Nawaomba wanaoichukia arudhi wautafakari mfano huu mdogo, kwa sababu bila ule upungufu wa mizani mmoja nisingeyajua niliyoyajua.

Nne, chagua vina kutoka ndani ya mstari unaoupenda

Vina vikichaguliwa kabla ya maneno, vina ndivyo vitakavyotunga. Nenda kinyume: utazame mstari wako ulioimarika, uone unaishia kwa silabi gani katika vipande vyake viwili, kisha upime kama silabi hizo zitakubeba. Mstari wangu ulikuwa na -za katikati na -su mwishoni. Silabi ya -za ni tajiri, kwa kuwa vitenzi vyetu vingi vinaishia hapo: uliza, maliza, angaza, poteza, na nomino kama giza. Silabi ya -su ni jangwa. Nilipata nusu, kisu, ruhusu na husu, kisha daftari likakwama. Hapo ndipo kishawishi cha tabdila kinapoingia, ukajikuta unaandika mahususu badala ya mahususi ili kina kikae sawa.

Mtunzi aliyefika hapo ana njia tatu. Anaweza kubadilisha kina kwa kuandika neno jingine mahali pa nusu. Anaweza kugeuza mpangilio wa sentensi. Au anaweza kukiri kwamba mstari huu haufai kuwa wa tarbia na akaupeleka kwingine. Nilijaribu la kwanza nikaandika nazi imo kifuuni. Mizani ilitimia, na kina cha -ni kilinipa uwanja mpana, lakini mstari ulikufa. Nazi kuwa kifuuni ni jambo la kila siku. Kilichoumiza ni ile nusu, kazi iliyokatishwa katikati. Basi nikajiuliza ni neno gani kati ya nazi na nusu linaloweza kuondoka. Mbuzi imetajwa, kifuu kimetajwa, na kitenzi kimekwisha kuonyesha kwamba mbuzi hii si mnyama, kwa maana mnyama angekuwa amenyamaza. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuambiwa kwamba kilichomo ni nazi.

Mbuzi imeshanyamaza, nusu imo kifuuni.

Nazi ikaondoka, nusu ikabaki. Hili ndilo jambo ambalo ningependa msomaji alikumbuke kuliko mengine yote katika mwongozo huu: kina kigumu hukulazimisha kuchagua kati ya maneno yako mwenyewe, na lile unalolipigania ndilo lililobeba shairi. Mtunzi asiyewahi kulazimishwa kuchagua hajui ni neno gani analolipenda.

Tahadhari moja kuhusu -ni. Kwa kuwa nomino nyingi huweza kuongezwa -ni ya mahali, kina hiki ndicho cha bei rahisi kuliko vyote katika lugha yetu. Mtunzi mvivu huandika nyumbani, shambani, moyoni, mjini, duniani, akafika beti ishirini bila kutoka jasho, na msikilizaji akasinzia bila kujua sababu. Ukichagua -ni, hakikisha kwamba si kila mstari unaishia mahali. Changanya na nini, jirani, imani, jioni, lini. Tenzi zinafundisha jambo la aina hiyo. Mwana Kupona, alipomtungia binti yake wasia mwaka 1858, alibadilisha vina vya vipande vitatu vya kwanza katika kila ubeti na akakishika kina kimoja cha mwisho kwa beti 102. Kina hicho ni -a, ambacho vitenzi vya Kiswahili vinakitoa bila kikomo, hivyo mwisho wa kila ubeti ulikuwa wazi kwa kitendo chochote ambacho mama alitaka kumwambia mwanawe. Uchaguzi wa kina ulifuata ukubwa wa safari.

Tano, jenga ubeti kuuzunguka mstari huo

Mstari wako bora si lazima uwe wa kwanza. Wangu niliuweka wa tatu, kwa sababu msomaji anahitaji kufika nyumbani pamoja nami kabla hajausikia ukimya. Mstari wa kwanza niliuandika hivi:

Nilirejea na giza, mimi mtoto nyumbani.

Hesabu ni kamili, 8 na 8, vina vimekaa, na kipande cha pili hakina kazi yoyote. Kwamba nilikuwa mtoto litajulikana. Kwamba nilirejea nyumbani limekwisha kusemwa na kitenzi. Kipande kizima ni kijazio, na hatari ya kijazio chenye urefu wa mizani 8 ni kwamba kinasikika vizuri. Kipimo changu ni kufunika kipande hicho kwa kiganja na kumsomea mtu ubeti uliobaki. Akielewa kila kitu, kipande kinafutwa.

Nilipokifuta nilirudi tena kwenye jioni ile na kuuliza nilikuwa nimeona nini nilipokuwa bado njiani. Nikakumbuka paa la makuti la jiko, ambalo saa kama hiyo huwa linafuka moshi. Jioni ile halikufuka. Moshi hauko paani: mizani 8, na kina kimekuja chenyewe.

Mstari wa pili ulikuja haraka, na mara nyingine huwa hivyo. Mtunzi asijilaumu kwa kupata jambo bila taabu. Bibi yangu alikuwa hakosi kuniuliza kwa nini nimechelewa. Jioni ile hakuuliza. Nilipoiandika sentensi hiyo kama ninavyozungumza, niligundua kwamba imekwisha kuwa mshororo: bi-bi ha-ku-ni-u-li-za, ni-me-che-le-wa kwa ni-ni. Kiswahili cha kawaida kina mizani yake, na sikio lililozoea kuimba huanza kuiokota katika mazungumzo ya watu sokoni na kituoni.

Nilirejea na giza, moshi hauko paani,
Bibi hakuniuliza, nimechelewa kwa nini,
Mbuzi imeshanyamaza, nusu imo kifuuni,
Simu iko sakafuni, sauti yasema halo.

Mstari wa nne ndio kibwagizo, yaani mstari unaorudiwa mwishoni mwa kila ubeti, na nitarudi kuuzungumzia. Kwa sasa angalia tu kwamba ukwapi wake umechukua kina cha utao wa mistari iliyotangulia, ili ufungamane nayo, na kwamba mwisho wake umetoka nje kwa -lo, silabi isiyojibiwa na nyingine ndani ya ubeti. Sauti ya simuni inaita na hakuna anayejibu. Kina nacho hakijibiwi. Sikulipanga hilo. Niliona baada ya kuandika, na nikaliacha.

Kuhusu uhuru wa mshairi

Arudhi yenyewe inampa mtunzi ruhusa za kuvunja. Inkisari ni kufupisha neno, kama vile aliyekuja kuwa alokuja, na mizani mitano inakuwa minne. Mazida ni kurefusha, kama afya kuwa afiya. Tabdila ni kubadilisha sauti ya neno bila kugusa idadi ya mizani, na kuboronga sarufi ni kupangua mpangilio wa kawaida wa maneno. Ruhusa hizi ni halali na ni za tangu zamani, lakini zina gharama, na mtunzi wa leo anapaswa kuijua gharama hiyo. Inkisari inayofanana na jinsi watu wanavyosema, kama kafika au alokuja, haimsumbui mtu, hasa pwani. Mazida ya kizamani humpeleka msomaji katika zama nyingine, na yanafaa tu pale unapotaka aende huko. Tabdila ndiyo ninayoiogopa zaidi, kwa sababu inamwambia msomaji kwamba neno halisi lilishindwa na kina. Katika ubeti mmoja najiruhusu jambo moja la namna hiyo, na nikihitaji la pili huwa ni ishara kwamba nimechagua vina visivyonifaa.

Kuna pia misemo ya kufungulia na kufungia: kalamu naishika, hodi hodi wahariri, kaditama nahitima. Katika shairi la harusi, la kumpongeza mgeni au la kujibizana gazetini, misemo hiyo ni adabu na inapaswa kuwepo, kama salamu mlangoni. Katika shairi linalotoka kwenye jambo lako la siri, huwa inachukua ubeti mzima ambao jambo lenyewe lingeuhitaji.

Sita, ifanyishe kazi kibwagizo

Kibwagizo kinachorudiwa bila kubadilika maana ni mstari uliopotea mara nyingi kadiri ya beti zako. Siri yake ni kwamba maneno yanabaki yale yale na mazingira yanabadilika. Katika ubeti wa kwanza, simu iliyoko sakafuni ni simu halisi, imeanguka kutoka mkononi mwa bibi. Ubeti wa mwisho nilitaka uwe baada ya arobaini, na rasimu yake ilikuwa hii:

Arobaini kufika, mbuzi bado i pembeni,
Bibi mwenyewe kashika, nazi mpya mkononi,
Hakuikuna haraka, sikio li mlangoni,
Simu iko sakafuni, sauti yasema halo.

Hapa simu haiko tena sakafuni. Iko kichwani mwa bibi, na ndiyo sababu hakuni nazi kwa haraka. Kibwagizo kimehama kutoka jikoni hadi kwenye kumbukumbu bila hata herufi moja kubadilika, na hilo kanuni pekee ndiyo iwezayo kulifanya. Shairi lisilo na marudio lingelazimika kueleza.

Lakini ubeti huu ulikuwa na ule ugonjwa wa -ni nilioutaja. Pembeni, mkononi, mlangoni: mahali, mahali, mahali. Tena mbuzi kuwa pembeni ni jambo nililolibuni ili kutimiza mstari, kwa kuwa kwa kweli sikumbuki ilikuwa wapi. Nilichokumbuka kuhusu siku za baada ya arobaini ni utupu, majirani wakiwa wamekwisha kurudi kwao na sufuria zao za kuazima. Nikaandika:

Arobaini kufika, wamekwenda majirani.

Mizani imetimia na kina kimeacha kuwa mahali. Zaidi ya hapo, neno mwenyewe katika mstari wa pili, ambalo lilikuwa karibu kuwa kijazio, sasa limepata uzito, kwa sababu kwa siku zote hizo wengine ndio waliompikia bibi. Unaporekebisha mstari mmoja, usome upya ile mingine yote. Mara nyingi neno lililokuwa limelala huamka.

Pale arudhi inapopaswa kuachwa

Yapo mambo ambayo tarbia haiyabebi, na mtunzi mwaminifu hulitambua hilo mapema. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alipotoa Kichomi mwaka 1974 akiwa na mashairi yasiyofuata vina wala urari wa mizani, wapo watetezi wa arudhi waliokataa kabisa kuyaita mashairi, na mjadala huo ulidumu kwa miaka mingi. Mwaka mmoja kabla yake Abdilatif Abdalla alikuwa amechapisha Sauti ya Dhiki, tungo zenye vina na mizani kamili alizozitunga gerezani nchini Kenya kati ya mwaka 1969 na 1972, akiziandika kwenye karatasi za chooni. Nikiwasoma wawili hao siku moja, siwezi kusema kwamba mmoja aliandika kwa moyo na mwingine kwa hesabu. Mfungwa aliyewekwa peke yake, asiyekuwa na daftari, alihesabu mizani, na hasira yake imetufikia ikiwa nzima.

Kwa hiyo swali la kujiuliza si kama wewe ni wa kale au wa kisasa. Uliza kama jambo lako lina marudio ndani yake. Kilio, dua, kejeli, mabishano, wasia na mapenzi yanayosubiri ni mambo yanayorudi pale pale, na tarbia huyapokea vizuri. Wazo linalochunguza, linalogeuka katikati ya sentensi na kujikana, mara nyingi huvunjwa na kile kituo cha mizani ya nane. Ukiona kwamba kila mstari unataka kuvuka mpaka wake kwenda mstari unaofuata, na kila unapoufunga unahisi umesema uongo mdogo, uache utoke. Hata hivyo, shairi huru linadai sikio lile lile. Mahali pa kukata mstari huamuliwa na pumzi, na mtu ambaye hajawahi kugonga mizani kwenye meza hukata popote, akaita hovyo hiyo uhuru.

Mwisho, lipeleke kwa wasikilizaji

Shairi la arudhi likisomwa kimya halijapimwa. Liache kwa muda wa wiki moja, kisha uwaimbie watu wawili watatu wasiojua kwamba umelitunga wewe, na ikiwezekana mmoja wao awe mtu mzima asiyejali istilahi zozote nilizozitaja hapa. Usiwaulize kama limewapendeza, maana watakujibu kwa heshima. Waangalie tu. Pale macho yao yanapotoka kwako na kwenda dirishani pana kijazio, hata kama hesabu yako ni sahihi. Piga alama mahali hapo, urudi nyumbani na uanze tena kwa kukifunika kipande hicho kwa kiganja. Na ukifika ubeti wa pili au wa tatu ukawasikia wanakipokea kibwagizo kwa sauti ya chini kabla hujawaomba, mstari huo usiuguse tena.